Madini ya Risasi katika Nyamapori: Namna Risasi ya Shaba Inavyopimwa na Jinsi Inavyomhusu Mlaji



Somo hili linahusu jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wawindaji na mafundi bunduki. Tumeliweka katika kijitabu hiki kwa sababu matokeo yake hufika mezani. Tangu kanuni za uuzaji wa nyamapori zilipotolewa mwaka 2020, mwananchi anaweza kununua nyama ya swala, nyati au kongoni katika bucha lenye leseni, kama anavyonunua nyama ya ng'ombe. Ng'ombe huchinjwa machinjioni kwa kisu. Mnyamapori huangushwa kwa bunduki, na kitu kilichomwangusha kinaweza kubaki ndani ya nyama.

Somo hili tumewaandikia watu wawili: mnunuzi wa nyama, na mwindaji mwenye kibali anayenunua risasi. Tumewaza hasa wakazi wa Bagamoyo na vijiji vya pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam, kuanzia Bunju, Kerege na Zinga hadi Makurunge, Matipwili na Saadani, ambako vichaka vya wanyama na majiko ya watu havipo mbali.

1. Neno moja, vitu viwili

Katika Kiswahili neno "risasi" lina maana mbili. Ni kitu kinachotoka kwenye bunduki, na pia ni jina la madini laini, mazito, ya rangi ya kijivu. Mvuvi wa Bagamoyo anayefunga chubwi kwenye mshipi wake anayajua madini hayo kwa uzito wake mkononi. Maana hizo mbili zimekaa pamoja kwa sababu kwa karne nyingi bunduki zilitupa vipande vya madini hayo hayo. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilibeba nguo, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti, nayo ikarudi na pembe za ndovu. Risasi na shaba ni bidhaa zilizozoeleka katika pwani hii.

Katika somo hili tutasema "madini ya risasi" tukikusudia metali hiyo, na "risasi" tukikusudia kile kinachofyatuliwa. Risasi kamili ya raifo ina sehemu nne: ganda la shaba ya njano, fataki ya kuwashia, baruti, na kichwa. Kichwa ndicho kinachoruka na kumpiga mnyama, na ndicho tutakachokizungumzia.

Kuna vichwa vya namna tatu ambavyo mnunuzi anapaswa kuvitofautisha. Cha kwanza kina kiini cha madini ya risasi kilichofunikwa kwa ganda jembamba la shaba. Cha pili ni shaba nyekundu tupu, chenye tundu au ncha ya plastiki mbele ili kifunguke kama ua kikigusa mwili wa mnyama. Cha tatu ni shaba au shaba ya njano ngumu isiyofunguka kabisa, iliyokusudiwa wanyama wakubwa wenye mifupa mizito kama tembo na nyati. Vyote vitatu vinaweza kung'aa rangi ile ile ya shaba, na hapo ndipo wengi hudanganyika.

2. Kwa nini madini ya risasi ni hatari

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha madini ya risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mwili huyapokea kana kwamba ni kalsiamu, ukayahifadhi katika mifupa na meno, ambako hukaa miaka mingi. Mwanamke anapopata ujauzito, mifupa yake hutoa kalsiamu kwa ajili ya mtoto, na madini ya risasi yaliyokuwa yamehifadhiwa hutoka pamoja nayo na kumfikia mtoto tumboni.

Watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi. Utumbo wao hufyonza sehemu kubwa ya madini hayo kuliko utumbo wa mtu mzima, na ubongo wao bado unajengeka. Madhara yake ni kupungua kwa uwezo wa kujifunza, kushindwa kutulia na upungufu wa damu. Mara nyingi hakuna dalili ya haraka. Mzazi huona tu kwamba mtoto ni mzito darasani, wala hawezi kulihusisha jambo hilo na kitoweo cha miezi iliyopita.

Tupige hesabu ndogo. Kikomo cha Codex, ambacho ni mkusanyiko wa viwango vya chakula vya kimataifa, kwa nyama ya ng'ombe, kondoo, nguruwe na kuku ni miligramu 0.1 ya madini ya risasi kwa kila kilo moja ya nyama. Tukikitumia kikomo hicho kama kipimo cha kulinganishia, chembe ya miligramu 1, ndogo kuliko chembe ya chumvi ya mawe, inatosha kuifikisha kilo 10 za nyama kwenye kikomo. Kichwa kimoja cha raifo ya kawaida kina uzito wa gramu 11.7 hivi, yaani miligramu 11,700.

3. Kinachotokea ndani ya mnyama

Kichwa chenye kiini cha madini ya risasi kinapompiga mnyama kwa kasi kubwa, kiini hupasuka. Vipande vikubwa huonekana, lakini vingine ni vidogo kama vumbi, na havionekani kwa jicho wala havisikiki chini ya jino.

Mwaka 2008 idara ya maliasili ya jimbo la Minnesota nchini Marekani ilifyatua risasi za aina mbalimbali kwenye mizoga ya kondoo, kisha ikaipiga eksirei. Vipande vilionekana mbali na jeraha kuliko wawindaji walivyodhani. Jambo la pili lililogunduliwa ni muhimu kwa kila mpishi: kuosha mzoga kwa maji hakukuyaondoa madini hayo, bali kuliyasambaza hadi sehemu zilizokuwa safi.

Mwaka 2009 watafiti wa nchi hiyo hiyo walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanyama 30 wa jamii ya kulungu, waliopigwa kwa raifo na kukatwa katika mabucha ya kawaida. Karibu theluthi moja ya vifurushi vya nyama ya kusaga vilikuwa na chembe za metali. Nguruwe waliolishwa nyama hiyo walipanda kiwango cha madini ya risasi katika damu ndani ya siku chache.

Madhara hayaishii kwa binadamu. Mwindaji huacha matumbo porini, na tumbusi huyala. Huko Botswana, uchunguzi wa tumbusi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa karibu theluthi moja yao walikuwa na kiwango cha juu cha madini hayo katika damu. Kwa sababu kama hizi jimbo la California lilikamilisha katazo la risasi za madini hayo katika uwindaji mwaka 2019, na Denmark ikafuata kwa risasi za raifo mwaka 2024.

Kichwa cha shaba tupu hutenda tofauti. Kikifunguka vizuri, hugeuka kuwa kama ua lenye petali chache na kubaki kipande kimoja. Hata petali ikikatika, ni kipande kikubwa kinachoonekana, na shaba kwa kiasi kidogo ni madini ambayo mwili unayahitaji. Hata hivyo, si kila kichwa cha shaba hufanya kazi kama kilivyotangazwa. Ndiyo maana hupimwa.

4. Vipimo vitano vya risasi ya shaba

Vipimo hivi hufanywa na maabara, na kwenye viwanja vya shabaha vilivyoidhinishwa. Tunavieleza ili mnunuzi ajue maswali ya kumuuliza muuzaji, si ili avifanye nyuma ya nyumba.

Kipimo cha kwanza: je, ni shaba tupu? Sumaku haisaidii, kwa kuwa haivuti shaba wala madini ya risasi. Kinachosaidia ni uzito ukilinganishwa na ujazo. Shaba ina gramu 8.96 kwa kila sentimita moja ya ujazo, na madini ya risasi yana gramu 11.34. Kichwa hupimwa kikiwa hewani, kisha kikiwa kimening'inizwa ndani ya maji. Tuseme kichwa kina gramu 11.70 hewani na gramu 10.39 majini. Tofauti ni 1.31, na 11.70 ukigawanya kwa 1.31 unapata 8.93: hiyo ni shaba. Kichwa kingine cha uzito ule ule kikipata gramu 10.57 majini, tofauti ni 1.13, na jibu ni 10.35. Hicho kina kiini cha madini ya risasi, hata kama ganda lake linang'aa kama pete. Mpimaji lazima aondoe mapovu ya hewa katika tundu la mbele, na akumbuke kuwa ncha ya plastiki hushusha jibu kidogo.

Kipimo cha pili: je, inaelewana na mtutu? Kwa kuwa shaba ni nyepesi, kichwa cha shaba cha uzito ule ule huwa kirefu kuliko kile chenye kiini cha madini ya risasi. Ndani ya mtutu wa raifo kuna mifereji inayokizungusha kichwa ili kisipinduke hewani, kama pia inavyosimama kwa kuzunguka. Kichwa kirefu huhitaji mzunguko wa haraka zaidi. Mtutu unaokamilisha mzunguko mmoja kila inchi 12 unaweza kushindwa kukituliza kichwa ambacho mtutu wa inchi 10 hukituliza bila taabu. Dalili ya kushindwa ni matundu marefu kama ya ufunguo kwenye karatasi ya shabaha, badala ya matundu ya duara. Dawa yake mara nyingi ni kuchagua kichwa cha shaba chepesi zaidi.

Kipimo cha tatu: je, inapiga mahali pamoja? Mpigaji hufyatua risasi tano kwenye karatasi moja katika mita 100, kisha hurudia katika umbali mkubwa zaidi. Hupimwa upana wa kundi la matundu. Tundu moja zuri halithibitishi kitu, na makundi matatu huthibitisha zaidi kuliko moja. Mtutu usafishwe kwanza, kwa sababu shaba huacha utando ndani yake, na utando wa aina mbili za risasi zilizochanganywa huharibu kipimo.

Kipimo cha nne: je, inafunguka na kubaki nzima? Kichwa hufyatuliwa kwenye bonge la jelatini au mfululizo wa vyombo vya maji, kisha huokotwa na kupimwa tena. Kichwa cha gramu 11.7 kilichobaki na gramu 11.5 kimehifadhi asilimia 98 ya uzito wake. Kilichobaki na gramu 7.6 kimehifadhi asilimia 65, na gramu 4.1 zimetawanyika njiani. Katika mnyama, "njiani" maana yake ni ndani ya nyama.

Kipimo cha tano: inafanya kazi hadi umbali gani? Hapa ndipo udhaifu wa shaba ulipo. Shaba ni ngumu kuliko madini ya risasi, na kila kichwa cha shaba kina kasi ya chini kabisa ambayo chini yake hakifunguki. Mtengenezaji mwaminifu huitaja. Tuchukue mfano: kichwa kinatoka mtutuni kwa mita 820 kwa sekunde, kinapoteza mita 60 kwa sekunde katika kila mita 100, na kinahitaji mita 600 kwa sekunde ili kifunguke. Katika mita 300 kitakuwa na kasi ya 640, hivyo kitafunguka. Katika mita 400 kitakuwa na 580, nacho kitapita kama msumari. Mnyama atakimbia na jeraha jembamba, atakufa mbali, na mwindaji hatampata. Basi umbali wa mwisho wa risasi hiyo uko kati ya mita 350 na 370, hata kama inapiga karatasi kwa usahihi katika mita 600. Usahihi wa karatasini na uwezo wa kuua bila mateso ni vitu viwili tofauti. Muuzaji anayetaja cha kwanza tu hajamaliza maelezo yake.

5. Kwa mwindaji anayenunua risasi

Umiliki wa silaha na risasi husimamiwa na Jeshi la Polisi chini ya sheria ya mwaka 2015, na uwindaji husimamiwa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kwa mwenye vibali vyote viwili, ushauri wetu ni huu:

Soma boksi. Tafuta maelezo yanayosema wazi kwamba kichwa hakina madini ya risasi. Maneno "ganda la shaba" si sawa na "shaba tupu".

Uliza uzito wa kichwa, mzunguko wa mtutu unaofaa na kasi ya chini ya kufunguka. Muuzaji asiyejua mambo hayo matatu akusaidie kumpata anayejua.

Nunua boksi moja, ulijaribu kwenye kiwanja kilichoidhinishwa kabla ya kununua mengi. Risasi ya shaba kwa kawaida ni ghali kuliko ya kawaida.

Usifungue risasi kamili, wala usiikate kwa msumeno ili kuona kilichomo. Fataki na baruti havitofautishi mdadisi na adui.

Kumbuka kwamba kichwa cha shaba mara nyingi hupenya mnyama na kuendelea. Katika vichaka vya pwani, ambamo shamba la minazi au njia ya watu inaweza kuwa nyuma ya majani, hakikisha kilicho nyuma ya mnyama kabla ya kufyatua.

Gobore halimo katika somo hili. Gololi zake kwa desturi ni za madini ya risasi au vipande vya chuma, na nyama iliyopigwa kwa gobore haina namna ya kuaminika.

6. Kwa mnunuzi wa nyama

Jambo la kwanza ni uhalali. Nunua katika bucha lenye leseni ya nyamapori, nyama iwe imekaguliwa, na uchukue risiti. Nyamapori ni nyara ya Serikali, na anayekutwa nayo bila uthibitisho halali anaweza kushtakiwa, hata kama alidhani amenunua kitoweo cha kawaida. Akikujia mtu na mfuko akisema nyama yake imetoka Saadani, basi amekwisha kujibu swali lako. Saadani ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005, na katika Hifadhi ya Taifa uwindaji hauruhusiwi. Nyama hiyo haina mkaguzi, haina risiti, na hakuna ajuaye ilipigwa kwa kitu gani.

Jambo la pili ni risasi iliyotumika. Muulize mwenye bucha: mnyama alipigwa kwa risasi ya aina gani, na jeraha lilikuwa wapi? Walaji wengi wakiuliza, mwenye bucha atamuuliza mwindaji, na mwindaji atabadili anachonunua. Swali la uhalali wa kidini wa mnyama aliyepigwa kwa bunduki tunawaachia masheikh na viongozi wenu wa dini. Letu ni la metali.

Jambo la tatu ni sehemu ya mnyama. Usipojua aina ya risasi, chagua paja la nyuma lisilo na jeraha kuliko bega au mbavu, kwa kuwa wawindaji wengi hulenga nyuma ya bega. Epuka nyama ya kusaga isiyojulikana imetoka sehemu gani, kwa sababu mashine huchanganya chembe za jeraha moja katika kilo nyingi.

7. Jikoni

Moto hauondoi madini ya risasi. Yaliyoingia katika nyama mbichi yatakuwamo katika mchuzi.

Tindikali huongeza tatizo. Watafiti wa Hispania waliopika nyama ya ndege waliopigwa kwa marisau ya madini ya risasi waligundua kuwa siki iliyafanya madini mengi zaidi yayeyuke na kuingia katika chakula. Mapishi ya pwani yetu hupenda ndimu, ukwaju na siki. Nyamapori ambayo hujui risasi yake usiilaze katika ndimu usiku kucha.

Kata na kutupa nyama iliyochubuka, yenye damu iliyoganda, nywele au vipande vya mfupa, pamoja na sehemu pana inayoizunguka. Usiioshe kwa maji mengi ukidhani umeisafisha. Na usiyatupe mabaki hayo kwa kuku, mbwa au paka.

Mama mjamzito, anayenyonyesha, na mtoto mdogo wasile nyamapori iliyopigwa kwa risasi yenye madini ya risasi. Hapa hatusemi "wapunguze". Nyama ya mbuzi, kuku au samaki wa soko la Bagamoyo itawatosha, na haiwadai chochote baadaye.

Maswali ya kujipima

1. Kichwa kina gramu 9.70 hewani na gramu 8.61 majini. Je, ni shaba tupu?

2. Risasi inatoka kwa mita 800 kwa sekunde, inapoteza mita 50 kila mita 100, na haifunguki chini ya mita 600. Je, ifyatuliwe kwa mnyama aliye mita 450?

3. Jirani amekuletea mguu wa tohe bila risiti, naye ana mtoto wa miaka miwili. Ana makosa mangapi ya kuambiwa?

Majibu

1. Tofauti ni 1.09, na 9.70 kugawanya kwa 1.09 ni 8.90. Ndiyo, ni shaba.

2. Hapana. Katika mita 450 kasi itakuwa 575, chini ya ile inayohitajika.

3. Mawili: nyama haina uthibitisho wa uhalali, na haijulikani ilipigwa kwa risasi gani, wakati nyumbani kwake yupo mtoto asiyepaswa kuila. Mwambie kwa upole, lakini mwambie.